Chakula anachoweza kukipika mtu aliyechoka

Nina mtihani mmoja ninaoupa kila chakula kabla sijakiita cha kuliwaza: je, anayehitaji kuliwazwa anaweza kukipika mwenyewe? Kama jibu ni hapana, basi ni chakula kitamu tu, na vyakula vitamu viko tele. Supu inayodai vitu kumi na saba, nyama iliyolazwa kwenye viungo tangu jana, mchuzi unaochujwa mara mbili: hivyo ni vya siku uliyolala vizuri na unangoja wageni. Mimi naongelea ile jioni ambayo umefika nyumbani, umevua viatu, umefungua kabati, ukalifunga, ukalifungua tena kana kwamba kuna kitu kimeota humo ndani ulipogeuka.

Naishi peke yangu, na kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini nikisahihisha maandishi ya watu wengine. Jioni macho huwa yamechoka kuliko miguu, na kitu cha mwisho ninachotaka ni kusoma tena, hata kama ni maelekezo ya mapishi. Kwa hiyo vyakula vyangu vya jioni za namna hiyo havisomwi. Vinataka sufuria moja, vinatumia vitu ambavyo havikosekani ndani (mchele, mayai, viazi, vitunguu, adesi, mafuta, chumvi), na vinavumilia kuachwa jikoni dakika tano zaidi wakati umeegemea ukuta huwazi chochote. Hilo la tatu waandishi wa mapishi hulisahau. Mtu aliyechoka hakosi viungo, anakosa umakini.

Cha kwanza ni uji wa mchele, na simaanishi wa sukari. Nusu kikombe cha mchele, vikombe vinne vya maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa kwa ubapa wa kisu, basi. Ni kipimo cha moja kwa nane. Ukiupenda mzito shuka hadi saba, ukiutaka wa kunywa panda hadi kumi. Mchele wowote unafaa, ila wa punje fupi hulainika vizuri zaidi, na hata ule uliovunjikavunjika, ambao mpishi wa wali huukwepa, hapa umepata kazi. Suuza mara moja tu kuondoa vumbi. Kwenye wali wa kuchambuka tunasuuza tena na tena ili kuondoa wanga ulioshika punje kwa nje. Kwenye uji wanga huo ndio tunaoutafuta.

Bandika sufuria, ichemke, ukoroge kutoka chini mara mbili tatu, maana dakika za mwanzo ndizo ambazo punje hupenda kushika kitako. Kisha punguza moto mpaka uone povu moja moja likipanda. Acha kifuniko wazi kidogo, la sivyo utafurika na utaishia kusugua jiko badala ya kula. Baada ya hapo napenda kusimama na kutazama, hata nikiwa hoi. Robo saa ya kwanza hakuna kinachotokea: maji ni maji, mchele umelala chini. Halafu maji yanaanza kupata ukungu. Punje zinavimba, zinapasuka nchani, zinafunguka ubavu. Ikikaribia dakika ya arobaini sauti inabadilika. Ule mchemko mwepesi wa maji unakuwa mzito, povu linapanda taratibu, linapasuka "puf", linaacha kishimo kinachojifukia chenyewe. Hapo uji umekuwa uji. Chembe za wanga zikishapata maji na joto kuanzia nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, hunywa maji, huvimba, na zikiendelea kuchemka hupasuka na kumwaga wanga wake nje. Wewe hujafanya lolote. Ni muda umefanya, ndiyo maana chakula hiki kinamfaa mtu asiyejiweza.

Chumvi itie mwishoni, kwa sababu maji yanapungua na chumvi haipungui. Juu yake weka ulichonacho: vitunguu vya kukaanga, kuku aliyebaki, karanga zilizopondwa, pilipili kwenye mafuta. Au pasua yai, lipige kwa uma, limimine taratibu kwa uzi mwembamba huku unakoroga. Litaganda papo hapo na kuufanya uji kuwa na utajiri usioutarajia kutoka kwenye bakuli la mchele na maji.

Dakika arobaini ni nyingi mno ukiwa na njaa, najua. Kuna njia. Siku yoyote ukiwa na nguvu, suuza mchele, uuchuje, uutie kwenye mfuko na uuweke kwenye friza ukiwa bado na unyevu. Maji yaliyoingia ndani ya punje yakiganda huzipasua, na ukizitia kwenye maji yanayochemka zinalainika kwa dakika ishirini hivi. Au tumia kiporo cha wali. Ila kwenye kiporo nina ukali kidogo: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, na wali ukiachwa wa vuguvugu juu ya meza usiku kucha hao huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto tena haiondoki. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya saa moja hivi uwe kwenye friji. Ule kesho yake. Usiulee wiki nzima.

Sasa vitunguu, ambavyo nina kesi navyo.

Umewahi kusoma pishi lisemalo "kaanga vitunguu dakika tano mpaka viwe vya kahawia"? Aliyeandika hajawahi kutazama saa akiwa jikoni. Kwa dakika tano kitunguu kinalegea. Kwa kumi kinang'aa na kuwa laini. Kahawia ile ya kweli, tamu, inayonata kidogo kwenye mwiko, inataka dakika arobaini na zaidi kwa moto mdogo. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji yakiwepo joto la sufuria haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100. Rangi ya kahawia na utamu wake huja haraka pale tu joto linapozidi hapo, yaani maji yakishakwenda zake. Ukiongeza moto ili kuharakisha, kingo zinaungua huku katikati bado kuna maji, na utakula kitunguu kilicho kichungu na kibichi kwa wakati mmoja. Wapo wanaotia punje chache za soda ya kuokea. Inafanya kazi, rangi inakuja upesi kweli, lakini vitunguu vinavurugika na kuwa rojo, na ukizidisha kidogo unaonja sabuni. Kwa supu sawa. Kwa kuweka juu ya wali, hapana.

Utaona kwamba vitunguu hivi vinafeli mtihani wangu mwenyewe, maana nani ana dakika arobaini za kukoroga akiwa amechoka? Kwa hiyo havipikwi siku hiyo. Vinapikwa siku ya mapumziko, kilo moja na nusu kwa mpigo, kwenye sufuria pana yenye kitako kizito. Mwanzoni vinajaa mpaka mwiko hauna pa kupita, na mwishoni vinabaki kama bakuli moja, jambo ambalo kila mara linanikera. Unavigawa kwenye trei ya barafu, unavigandisha, unahamishia vipande kwenye mfuko. Kuanzia hapo una kipande cha saa nzima ya kazi kinachosubiri kudondoshwa kwenye chochote. Kidondoshe kwenye maji ya moto yenye chumvi na pilipili manga, weka juu kipande cha mkate kilichokaushwa, na hicho ni chakula cha jioni.

Lakini rafiki mkubwa wa kitunguu cha kahawia ni adesi. Hizi nyekundu, zilizokobolewa na kupasuliwa, hazihitaji kulowekwa. Kikombe kimoja kwa vikombe vitatu hivi vya maji, kitunguu saumu punje mbili nzima, manjano kidogo kwa rangi. Zikianza kuchemka zitatoa povu jeupe; liengue kwa kijiko au liache, halidhuru, ila lisipoangaliwa hupenda kumwagika. Dakika kumi na tano hadi ishirini zimeshavurugika zenyewe, na ukipitisha mwiko mara chache una mchuzi mzito bila mashine wala kuchuja.

Mchuzi huo hapo ulipo ni chakula cha hospitali. Kinachouokoa ni kijiko kimoja cha mafuta. Kwenye kikaango kidogo, pasha mafuta au siagi, tia bizari nzima kijiko cha chai, ngoja zianze kurukaruka na kunukia, kisha kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba. Hapa ndipo mahali pekee katika mapishi yote haya ninapokuomba usiondoke. Kitunguu saumu kinatoka kwenye weupe hadi dhahabu polepole, halafu kutoka dhahabu hadi uchungu ukiwa unakohoa. Kikifika dhahabu mimina vyote, na mafuta yake, juu ya adesi. Vitalia "shaa!" na nyumba nzima itabadilika harufu. Sehemu kubwa ya harufu za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ndiyo maana bizari ile ile ikichemshwa na adesi tangu mwanzo huisikii, na ikipitishwa kwenye mafuta unaisikia kutoka sebuleni. Malizia kwa kukamulia ndimu. Usiiruke ndimu. Mara nyingi chakula kikionekana kupooza watu hukimbilia chumvi, kumbe kinachokosekana ni ukali kidogo.

Maharage nayapenda pia, lakini hayo ni ya mwenye mpango, kwa hiyo nitasema mawili tu. Mekundu mabichi yana sumu ya asili, jamii ya lektini, ambayo huondoka kwa kuchemka kwelikweli: loweka usiku, mwaga maji, tia mengine, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla hujapunguza moto. Vyungu vya umeme vinavyopika polepole havifiki joto la kutosha, kwa hiyo yachemshe kwanza jikoni. La pili, nyanya tia mwishoni, maharage yakishalainika, maana ukali wake hufanya ganda na nyama ya harage vikatae kulainika. Chumvi haina kosa hilo inalosingiziwa. Mimi huitia hata kwenye maji ya kulowekea, na maharage yanalainika kama kawaida, tena yanakuwa na ladha hadi ndani.

Mayai. Huu ndio mlo wa mwisho kabisa, wa siku ambayo hata mchele unaonekana mradi. Tatizo la mayai ni moto tu. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kinaanza kuwa kizito kwenye 65, na kufika 70 kimeshakaa. Kikaango chenye mafuta yanayofuka moshi kiko mbali sana kupita hapo. Ukitaka mayai laini ya kuvuruga, piga mawili au matatu na chumvi, yeyusha siagi kwa moto mdogo mpaka itoe povu lakini isibadilike rangi, mimina, na sukuma taratibu kwa mwiko kutoka pembeni kuja katikati. Yatoe yakiwa bado yanang'aa na unadhani hayajaiva. Joto lililobaki ndani yake litamaliza kazi njiani kuelekea kwenye sahani. Anayengoja yaive kikaangoni hula mayai makavu mezani.

Kuna aina nyingine ninayoipika zaidi: chemsha nyanya mbili zilizokatwa pamoja na kile kipande cha vitunguu kutoka kwenye friza, chumvi, pilipili, mpaka uwe rojo, chimba vishimo kwa kijiko, pasulia mayai humo, funika. Dakika tano au sita. Ute mweupe, kiini bado kinatikisika ukigusa kikaango. Unakula humo humo kikaangoni kwa mkate, na kuna chombo kimoja tu cha kuosha.

Dada yangu, tuseme ukweli, hakubali hata kimoja kati ya hivi. Anasema chakula kisichotafunwa ni cha wagonjwa na watoto, na kwamba mimi nikiachiwa nitaponda kila kitu. Siwezi kumpinga sana. Nikiwa na siku mbaya nataka kitu laini, cha moto, cha kijiko, ndani ya bakuli ninaloweza kulishika kwa mikono miwili. Yeye anataka kitu kinacholia mdomoni. Viazi ndivyo tunapokutana, kila mmoja kwa njia yake.

Njia yangu: menya, kata vipande vinavyolingana, tia kwenye maji baridi yenye chumvi ndipo ubandike. Ukivitia kwenye maji yanayochemka nje kunavurugika ndani kukiwa bado kugumu. Vikiiva mwaga maji yote, rudisha sufuria juu ya moto mdogo dakika moja au mbili, tikisa, mvuke utoke. Utaona viazi vinapauka na kuwa na unga unga pembeni. Hilo ndilo watu wengi hawafanyi, wakalaumu viazi kwa kuwa majimaji. Ponda vikiwa vya moto, siagi kwanza, halafu maziwa yaliyopashwa, kidogo kidogo. Tumia mwiko au kifaa cha kupondea. Blenda usiiguse, kwa sababu visu vyake hupasua chembe za wanga na viazi vinaanza kunata na kuvutika, na hakuna maziwa yatakayovirudisha.

Njia yake inaanza hivyo hivyo hadi pale pa kukausha mvuke. Kisha anafunika sufuria na kuitikisa kwa fujo mpaka viazi vichubuke kingo zote. Zile kingo zilizochakaa ndizo zinazokuwa ngumu na za dhahabu kwenye mafuta ya moto, kwa sababu zina sehemu nyingi za kugusana nayo. Anazipanga kwenye kikaango kipana bila kuzibana, anaziacha zisiguswe mpaka zijibandue zenyewe, ndipo anageuza. Nikiwa kwake nakula hizo na sisemi kitu.

Spageti na kitunguu saumu nitaipitia mbio, kwa sababu kila mtu anayo yake. Anza kitunguu saumu kwenye mafuta ya baridi, si ya moto, kipate muda wa kutoa harufu kabla ya kuungua. Na kabla hujamwaga maji ya spageti, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Maji hayo yana wanga, na wanga huo ndio unaoshikanisha mafuta na maji yakawa mchuzi, badala ya spageti kavu iliyokaa juu ya dimbwi la mafuta.

Mwisho, mkate uliokauka. Usiuweke kwenye friji kwa kudhani unauhifadhi: wanga uliovimba wakati wa kuokwa hujipanga upya na kuwa mgumu, na baridi ya friji ndiyo inayouharakisha kuliko hata meza. Uweke mezani kwa siku mbili tatu, au friza kwa muda mrefu, ukiwa umeshakatwa vipande. Ukishakauka, joto linauregeza. Piga yai moja na robo kikombe cha maziwa na chumvi kidogo, lowesha vipande viwili upande mmoja na mwingine, vikae humo dakika moja vinywe, vikaange kwa siagi kwa moto wa wastani mpaka viwe na madoa ya kahawia. Ukikauka sana uongezee muda wa kunywa, mkate mkavu unavumilia kuliko mbichi. Wengine wanamwagia asali. Dada yangu anaweka sukari ili ipasuke chini ya meno, bila shaka. Mimi naweka pilipili manga na naongeza siagi nyingine, na sitaki kuulizwa.